Kirusi hiki, virusi hivi: gumzo la kikundi cha ukoo

*Neema:* Shikamooni wakubwa. Nahariri kipeperushi cha mafua. Mwandishi ameweka "virusi hii inaenea kwa mate". Nisahihisheje?

*Mjomba Rashidi:* Marahaba. Kikiwa kimoja ni kirusi, vikiwa vingi ni virusi. Kirusi hiki kinaenea, virusi hivi vinaenea. Ni kama kitabu na vitabu tu.

*Kaka Juma:* Mjomba, hiyo "vi" si kiambishi. Huko neno lilikotoka, virus ni umoja.

*Mjomba Rashidi:* Na "ki" ya kitabu ni kiambishi? Kiarabu ni kitab, wingi wake kutub. Sisi tulisikia "ki" tukazaa vitabu. Kipilefti nacho kilikuwa amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, leo kuna vipilefti. Kwa virusi tulianza na wingi, tukarudi nyuma kuutafuta umoja.

*Neema:* Kwa hiyo mtu "anazungumza kirusi"? 😂

*Mjomba Rashidi:* Lugha ina herufi kubwa: Kirusi. Mwanzoni mwa sentensi tofauti hiyo inapotea, basi usilianzie hapo. Andika "Aina hii ya kirusi..."

*Kaka Juma:* Wengine huandika "virusi hawa wanaishi".

*Shangazi Mwanaidi:* Hapo mimi nakataa. Kirusi hakili, hakikui, na nje ya seli hakizaani. Mwaka 1935 mwanakemia Wendell Stanley alikigandisha kirusi cha batobato la tumbaku (ugonjwa wa majani yake) kikawa fuwele, kama chumvi. Kiumbe gani huyo wa kuitwa "huyu"?

*Neema:* Shangazi, na neno lenyewe asili yake nini?

*Shangazi Mwanaidi:* Kilatini: sumu, au majimaji ya kunata. Kilatini cha kale hakikulipa wingi. Anayejitia ujuzi akaandika "viri" ameandika "wanaume".

*Shangazi Mwanaidi:* Zamani madaktari waliita virus kitu chochote kinachoambukiza. Mwaka 1892 mwanasayansi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye batobato kwa chujio la kauri, lenye vitundu ambavyo bakteria hawapiti. Utomvu uliopita bado uliambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 mwanasayansi mwingine, Martinus Beijerinck, akarudia jaribio, akasema hiki si bakteria mdogo, ni kitu cha namna nyingine, akakiita virus. Hapo ndipo maana ilipoanza kubana. Kirusi hicho ni kijiti: ukipanga 3,000 ncha kwa ncha hata milimita moja hawajafika.

*Mjomba Rashidi:* "Hawajafika"? 👀

*Shangazi Mwanaidi:* Havijafika! Umenikamata 🙈

*Neema:* Kipeperushi kinataja viuavijasumu (antibiotiki) pia. Kwa kuwa virusi maana yake sumu, si vinaviua?

*Shangazi Mwanaidi:* Hapana, na jina ndilo linalopotosha. Dawa hizo hulenga bakteria: nyingine hubomoa ukuta wa seli yake, nyingine huzuia utengenezaji wa protini zake. Kirusi hakina ukuta huo, na protini zake hutengenezewa na seli iliyovamiwa. Dawa haina pa kushika.

*Kaka Juma:* Wa kompyuta nao walilichukua hivyo hivyo. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi Marekani, alionyesha programu inayojibandika kwenye programu nyingine na kujinakili. Mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyependekeza jina. Ila siku hizi kila programu mbaya inaitwa kirusi, na hapo ushauri huharibika. Kirusi husubiri ufungue faili lililoambukizwa. Mnyoo, programu mbaya ya aina nyingine, husafiri wenyewe kwenye mtandao, hata usipogusa kitu. "Usifungue faili usilolijua" haitoshi kwa mnyoo, sharti uzibe tundu kwa kusasisha programu.

*Neema:* Ukurasa wa nyuma kuna "virusi vya VVU" na "ugonjwa wa UVIKO-19".

*Mjomba Rashidi:* Futa vyote viwili. V ya kwanza ya VVU ni virusi tayari, na U ya UVIKO ni ugonjwa. Andika VVU, andika UVIKO-19, basi.

*Shangazi Mwanaidi:* Na aliye na VVU usimwandike "ana Ukimwi". VVU ni virusi, Ukimwi ni hali inayofuata kinga ikishaporomoka. Anayetumia dawa vizuri anaweza asifike huko kabisa.

*Neema:* Sawa. Mstari wa mafua sasa: "Virusi vya mafua huenea kwa matone ya mate na makamasi. Viuavijasumu haviviui."

*Mjomba Rashidi:* Sarufi imekaa, lakini msomaji atajing'ata ulimi. Weka "haviui virusi".

*Neema:* Nimeweka. Kinakwenda kuchapwa.