Damu ya majeruhi imeingia kwenye kidonda changu, nahofia VVU, naomba ushauri

Wakuu, habari za usiku. Jana Jumapili jioni bodaboda aligongwa mbele ya duka langu. Nikakimbia kumwinua, kichwa kimepasuka, damu inamwagika. Nilimkandamiza kwa kanga ya mama muuza vitumbua mpaka bajaji ikaja kumchukua.

Nilipokuwa nanawa ndipo nikasikia kidole kinawasha. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimejikata na kisu nikimenya mihogo, na plasta ilishatoka sijui saa ngapi. Kidonda kiko wazi, chekundu, na damu ya yule kijana imejaa mpaka kwenye kucha. Nikaosha kwa maji mengi na sabuni.

Jasho, mate, kushikana mikono, kuchangia kikombe, hayo najua hayaambukizi, msinieleze. Hata damu kwenye ngozi nzima haina neno. Hofu yangu ni hicho kidonda. Hali ya kijana siijui, na siwezi kumfuata wodini nikamuulize.

Nimesoma kwamba dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya ajali kama hii, huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Jirani ananiambia hizo ni za manesi waliojichoma sindano na waliobakwa tu, nitafukuzwa. Ni kweli? Kuna aliyewahi kuzipata kwa ajali kama yangu? Alianzia dirisha gani?

Mke wangu ananyonyesha, bado sijamwambia. Kesho alfajiri nafunga duka niende, ila nisaidieni nijue nikaseme nini pale mapokezi.