Nageuza kichwa kidogo cha treni cha Kimarekani kiwe 88 yetu, kinateleza mlimani na sasa kimepiga shoti

MtotoWaIgogo

Mwangaluka wakuu. Naombeni msaada, wiki ya tatu nimekwama. Nimekulia Igogo hapa Mwanza karibu na reli, mzee wangu aliendesha vichwa miaka mingi na sisi watoto tulikuwa tunajua kichwa gani kinakuja kwa mlio tu kabla hakijatokeza, sasa nimeamua nimtengenezee 88 ndogo, vile vichwa vya dizeli vilivyotoka Montreal Kanada miaka ya 1970, iwe inatembea kweli siyo pambo la kabatini. Soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba nikaokota dizeli ndogo ya Kimarekani, saizi ya N ya treni za modeli yaani 1:160, upana wa reli zake 9 mm, mota inazunguka safi kabisa. Nikakata kebini nikaisogeza, pua nikaichonga kwenye ile bodi nyeupe ya plastiki ya wachora mabango, vyuma vya kushikia pembeni nimetumia waya wa kopa wa kwa wasuka mota.

Sasa kila nikiangalia na picha za mzee haifanani, reli inaonekana pana halafu mwili mwembamba. Halafu mlimani (nimetengeneza mteremko wa mawe kama yetu, unapanda 5 cm kwa mita moja) ikivuta mabehewa mawili magurudumu yanazunguka palepale. Nadhani ni kwa sababu nilisaga chuma cha chasisi mbele na nyuma ili pua ikae chini. Jana nikajaza chubwi za nyavu (vile vizito vya madini ya risasi) ndani kurudisha uzito, nimewasha tu nikasikia harufu ya kuungua, nikachomoa haraka. Mota bado nzima au ndo basi tena?

Fundi_Nyakato

Mkuu mikono yako iko vizuri, nimezoom hiyo kebini, umeikata nje ya mstari halafu ukaisogeza kwa tupa taratibu, ndo inavyotakiwa. Kilichokuangusha ni kipimo. N imepangwa kwa reli ya upana wa 1435 mm, ukigawa kwa 160 unapata 9 mm. Reli yetu iliyofika Mwanza 1928 ni ya mita moja, ukigawa 1000 kwa hiyo 9 inakuja kama 111, kwa hiyo mwili wa 1:160 juu ya hiyo chasisi lazima uonekane mwembamba hata uchonge mpaka asubuhi. Jenga mwili kwa 1:120, iko karibu na hiyo 111, uache chasisi ilivyo. Tuseme kichwa kina upana wa mita 2.7, kwa 1:160 unapata 17 mm kasoro kidogo, kwa 1:120 unapata 22.5, hiyo tofauti ndo inayokusumbua macho. New Zealand wanafanya hivyo siku nyingi kwa sababu reli yao ni 1067, sawasawa na TAZARA.

Kwa hiyo kabla hujagusa msumeno tena pima chasisi zidisha mara 120. Kama ina 130 mm maana yake ni kichwa cha mita 15.6, linganisha na unachokiiga, na hesabu ekseli kwenye picha iliyopigwa pembeni kabisa siyo ya mshazari. Watu wengi wanaanzia kwenye mwili kwa sababu ndo unapendeza, mimi naanzia chini kwenye magurudumu kila mara, mwili nautafutia baadaye. Siku ukitaka kichwa cha SGR ndo hapo N yako itakaa bila hesabu yoyote.

DadaWaKirumba

Hongera kaka kwa kumkumbuka mzee. Mota yako inawezekana kabisa ni nzima, ngoja nikueleze kilichotokea. Hizo dizeli ndogo nyingi chasisi yake ni vipande viwili vya chuma, kushoto na kulia, kila kipande kinabeba umeme wa reli ya upande wake, katikati kuna plastiki inatenganisha na mota imelala humo. Chubwi yako imelalia vipande vyote viwili, umeme umepita kwenye risasi badala ya kwenye mota. Toa zote, weka 9V moja kwa moja kwenye mota, ikizunguka bila kuchemka uko salama.

Halafu ile kusaga, ulitoa mota kwanza? Kama hukutoa fungua yote usafishe na brashi na spiriti. Kile chuma ni cha zinki, sumaku haikivuti lakini unga wake unapitisha umeme na unaingia kwenye meno ya gia, utakuja kutafuta ugonjwa mwezi mzima.

Chubwi ni wazo zuri sana, risasi ni nzito kuliko chuma na kwetu huku haikosekani. Zipondeponde ziwe bapa, zipake rangi au zungushia tepu, ziweke upande mmoja tu wa chasisi au zibandike juu ndani ya paa. Bandika kwa epoksi ya mirija miwili. Usitumie kabisa ile gundi nyeupe ya mbao, ikikaa na risasi sehemu iliyofungwa inatoa ukoko mweupe unaovimba, kuna kichwa changu kilipasuka ubavu baada ya kama miaka miwili, nililia kweli. Na nawa mikono, watoto wasizishike.

Kujua imetosha, kilaze juu ya penseli katikati ya bogi mbili (yale mafungu ya magurudumu ya mbele na nyuma) kisiinamie upande. Kisha kiwashe ukizuie kwa kidole, magurudumu yateleze kabla mota haijasimama. Mota ikisimama kwanza umezidisha, punguza. Na huo mlima ushushe kaka, 5 kwa mita ni mkali, weka 2 au 3.

Garati59

Nakazia hapo kwa dada. Mimi najenga Garratt ya 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke ambavyo kampuni ya Beyer Peacock ilitengeneza 34 kule Manchester, natumia chasisi mbili ndogo, na moja ilinisumbua kwa unga huohuo. Kama mota yako imekufa usiweke ya kwenye DVD, zile ni za volti 5 au 6, kwa 12 inaungua siku hiyohiyo. Tafuta ya 12V yenye urefu uleule.

MtotoWaIgogo

Wakuu nimerudi, Mungu awabariki. Mota nzima!! Nimeosha kila kitu, unga uliotoka ulijaa kwenye ukucha. Mwili mpya wa 1:120 nimemaliza jana usiku, chubwi nne bapa juu kwenye paa, mlima nimeushusha mpaka 3, leo imepanda na mabehewa matatu bila kuteleza. Dada ile ya kidole nimefanya, ilibidi nitoe chubwi moja.

Mzee nimemwonyesha kabla ya rangi. Kaishika kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu hasemi kitu, halafu kaniambia ngazi ya mlango wa dereva hatua ya kwanza iko juu mno, mguu usingefika ukiwa chini kwenye kokoto. Naishusha 2 mm, Jumamosi napaka rangi.