Uzi wa mikopo ya mashirika yasiyotafuta faida: waliokopa Mwanza na visiwani, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu.

Nyuzi za kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya, humu zimejaa, na wanastahili kulaaniwa. Ila sijaona uzi wa wale wakopeshaji wengine, mashirika na mifuko ambayo kwenye karatasi haitafuti faida. Wanakopesha mama ntilie, wachakataji wa dagaa, mafundi, hata vituo vya watoto na asasi ndogo ambazo benki haziwaangalii mara mbili. Aliyewahi kukopa huko aseme: walikukata nini, wanadai vipi, na siku biashara ilipolala walifanya nini. Majina ya mashirika tuyaache, uzi usije ukafungwa. Naanza mimi.

Nachakata dagaa Kayenze. Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa 500,000, kikundi cha watu watano tunaodhaminiana, rejesho kila Jumatatu. Hiyo 500,000 sikuishika. Wakakata akiba ya lazima 50,000, wakakata fomu na bima, nikatoka na 430,000, lakini riba ikahesabiwa kwenye laki tano nzima. Hilo nilimeza. Kilichonishinda ni Jumatatu.

Kwa asiyejua: dagaa wanavuliwa gizani. Taa inaelea juu ya maji, wanaifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukijaa taa haina kazi, ziwa zima linang'aa. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu na kucheza drafti, na sisi waanikaji tunakaa. Siku kumi hivi, kila mwezi. Ndani ya siku hizo kuna Jumatatu moja, pengine mbili, na afisa mikopo anafika na daftari lake kama kawaida. Nikamwambia, "Baba, sasa hivi ni mbalamwezi." Akanijibu kwamba mfumo wao hauna mbalamwezi.

Nikafanya walichofanya wenzangu wote mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Nikaenda kwa kausha damu kuchukua 100,000 ya kumlipa yule wa Jumatatu, narudisha 4,500 kila siku kwa siku thelathini. Pigeni wenyewe: 135,000. Mwezi wa pili nikarudia. Wa tatu nikauza chanja zangu mbili, zile meza za kuanikia, nikarudi kuanika mchangani. Na dagaa wa mchangani mnunuzi hana haja ya kuuliza, anatafuna mmoja, mchanga ukimlilia jinoni anashusha bei palepale.

Shirika la pili nililipata kwa dada mmoja wa Igombe. Afisa wao ni binti mdogo, nilimdharau kidogo. Akaja Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, akakaa mwaloni mpaka jua la utosi, anahesabu ndoo. Akaniuliza giza linaanza lini na linaisha lini, nani ananunua, mvua ikipiga siku mbili mfululizo nafanyaje (dagaa walionyeshewa wanaishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya aibu). Kisha akapanga marejesho mawili kwa mwezi, yote ndani ya giza. Jumla ya deni haikupungua kwa sababu ya mpango huo, hakuna aliyenipa sadaka. Mwaka wa pili huu sijachelewa hata rejesho moja, na chanja ninazo sita.

Nawasilisha. Wengine?

Mchangiaji wa Mabatini

Dada umesema kweli. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Niongeze moja ambalo watu hawaulizi: riba inahesabiwa juu ya nini? Shirika la kwanza waliniambia asilimia 3 kwa mwezi. La pili wakasema asilimia 3 hiyohiyo. Nikadhani ni walewale.

Kumbe wa kwanza wanapiga kwenye mkopo wote mpaka mwisho, hata ukiwa umeshalipa nusu. 1,000,000 kwa miezi sita ni 30,000 mara sita, riba 180,000. Wa pili wanapiga kwenye salio lililobaki. Mwezi wa kwanza 30,000, unaofuata 25,000, kisha 20,000, inashuka hivyo mpaka 5,000. Riba yote 105,000. Asilimia ni ileile, tofauti 75,000, hiyo kwangu ni bati na rangi.

Mchangiaji wa Kigongo

Wakuu mimi nilikuwa nauza samaki wa kukaanga na ugali pale kivukoni. Wanaojua foleni ile wanajua: mabasi ya Geita na Bukoba, malori, watu wamekaa saa mbili saa tatu wanasubiri kivuko, njaa inawauma. Ile foleni iliyokuwa inatukanwa na kila msafiri ndiyo ilikuwa duka langu.

Nilikopa 800,000 mwanzoni mwa 2025, nikanunua friji na kuongeza meza. Juni daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa. Najua mtasema daraja lilianza kujengwa 2020, ulikuwa huoni nguzo? Nilikuwa naziona kila siku. Lakini mtu unaona nguzo, unauza, unasema bado. Ilipofika, gari linapita juu dakika chache tu, halina habari na mimi. Siku ya kwanza nilikaanga samaki arobaini. Nikala na majirani.

Sasa sikilizeni shirika lilivyofanya. Nilienda mwenyewe ofisini kabla hawajaja, nadhani hiyo ndiyo ilinisaidia. Meneja akanisikiliza, akatoa kalamu, akasema miezi mitatu utalipa riba tu, mtaji tutausogeza mbele. Ila masharti: nionyeshe nitauza wapi. Afisa wao akazunguka na mimi Usagara siku nzima kwa miguu, tunahesabu bodaboda na watu wanaoshuka. Tukapata kibanda karibu na stendi. Friji likahamia huko kwa mkokoteni, likachubuka ubavu mzima.

Sijapata wateja kama wa kivukoni, nisidanganye. Nalipa, lakini kwa kubana. Wenzangu wawili waliokuwa na mikopo ya simu hawakupata mtu wa kumwendea, maana aplikesheni haina ofisi. Mmoja walituma meseji za kumdhalilisha kwa watu wote aliowahi kuwapigia, mpaka mkwe wake.

Mwanzisha uzi

Mama wa Kigongo pole sana. Hiyo ya mkwe imenikata maini.

Mchangiaji asiyetaka kutaja alipo

Msidanganyane humu. Mashirika mengine ni kausha damu aliyevaa kanzu. Mimi godoro langu lilitolewa ndani na watu waliofungua kikao kwa sala. Deni lilikuwa la mwenzangu kwenye kikundi aliyekimbilia Geita machimboni, tukaambiwa wanne tuliobaki tulipe. Eti mshikamano. Sina la kuongeza.

Aliyekuwa afisa mikopo, sasa nalima nyanya Misungwi

Mkuu hapo juu, niliwahi kusimama mlangoni wakati godoro likitoka, kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Niliacha kazi miezi michache baadaye.

Acha nieleze kwa ndani. Shirika lisilotafuta faida halina wenye hisa wa kugawana ziada, ikipatikana inarudi kwenye mfuko ikopeshwe tena. Lakini pesa yenyewe haidondoki. Nyingine ni ruzuku ya wafadhili, nyingine shirika nalo limekopa kwa wakopeshaji wa jumla, linatakiwa kurudisha. Na mkopo mdogo ni ghali kuuhudumia. Kumfuata mtu Kayenze kwa laki tano, mafuta ya pikipiki na siku yangu ya kazi ni zilezile ambazo benki inatumia kwa mteja wa milioni hamsini aliyekaa mjini. Ndiyo maana riba haiwi sifuri.

Sasa tatizo. Sisi tulipimwa kwa kitu kimoja, mikopo iliyochelewa zaidi ya siku thelathini. Ikipanda kwenye tawi lako, simu inalia kutoka juu. Hakuna aliyepimwa kwa idadi ya chanja ambazo mama ameongeza. Kwa hiyo afisa anayelala mwaloni kuhesabu ndoo ni bosi wake aliyemruhusu alale, usimsifu binti peke yake.

Kuhusu sheria: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka watoa huduma kwenye madaraja manne. Wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, SACCOS la tatu, vikundi kama VICOBA la nne. Daraja la pili Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Yule aliyemtoza mwanzisha uzi 35,000 kwenye laki moja kwa mwezi yuko mara kumi ya ukomo. Kabla hujaweka sahihi omba uone leseni, haombwi mtu radhi kwa hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na bado watu wanayapakua.

Mchangiaji wa Nansio

Mwanzisha uzi umetaja asasi, nami nisimulie upande huo kwa sababu hausemwi.

Tuna kituo kidogo hapa Ukerewe cha watoto wenye ulemavu, kimesajiliwa, wajumbe wa bodi saba. Tulipata mfadhili wa kutujengea vyoo na njia za viti vya magurudumu. Furaha, mpaka tulipousoma mkataba: analipa baada ya kuona kazi na risiti. Saruji tulipe sisi kwanza. Kwa pesa gani? Benki wakataka hati ya nyumba. Kituo hakina hati, kiwanja tulipewa na kijiji kwa muhtasari wa mkutano.

Tukapata mfuko mmoja unaokopesha asasi. Dhamana yao ilikuwa mkataba wenyewe wa ruzuku, barua ya mfadhili kwamba atalipa kupitia akaunti waliyoikubali, na sahihi za wajumbe wote saba. Milioni 12, miezi minne. Walikuja kwa meli, wakakagua vitabu vyetu vya hesabu kuliko walivyokagua kiwanja. Mhasibu wetu, mzee mstaafu wa ualimu, alikesha siku mbili anapanga risiti kwenye boksi la viatu.

Vyoo vikaisha kwa wakati. Mfadhili akachelewa miezi miwili, hitilafu ya huko kwao. Miezi ile miwili nilijua kwa nini wajumbe wanatakiwa kusaini wote. Mmoja aliacha kupokea simu zangu, mwingine mke wake alinifuata kanisani. Mfuko wakaongeza muda bila faini ila riba iliendelea, na riba ya miezi hiyo mfadhili hakuirudisha, tuliifidia kwa harambee. Nikiulizwa ningekopa tena nasema ndiyo, ila kwenye bajeti ningeandika tangu mwanzo gharama ya kusubiri. Na kamwe usikope hivyo kwa ajili ya mishahara. Choo kinabaki, mshahara unaliwa na deni linabaki.

Mchangiaji wa Igoma

Nyie mbona mnahangaika, halmashauri inatoa bila riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

Mchangiaji wa Mabatini

Mkuu tuliomba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kikundi chetu cha vijana watano kilivunjika wakati tunasubiri, wawili wameenda Dar. Ukipata ni nzuri sana, sikatai. Lakini mteja wa geti hasubiri.

Mchangiaji wa Buhongwa

Mimi niko kikundi cha hisa, akina mama ishirini na tano. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, haliwezi kufunguliwa nje ya kikao. Tunakopeshana zetu wenyewe na Desemba tunagawana. Mwezeshaji alituambia mtindo huu shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger 1991. Kwa biashara ya nyanya na mkaa unatosha. Ukitaka mashine ya kusaga hautoshi, ndipo tunawafuata hao wa mashirika, na wakiona daftari letu la miaka mitatu hawatusumbui sana.

Mchangiaji, mzaliwa wa Pasiansi, niko Minnesota

Huku Marekani wapo pia, wanakopesha biashara ndogo na asasi kwenye mitaa ambayo benki zinaikwepa. Serikali ina mfuko maalumu chini ya hazina tangu 1994 unaowathibitisha na kuwapa mtaji, na benki nazo sheria ya 1977 inazitaka zihudumie hata mitaa ya kipato cha chini zinakochukua amana, kwa hiyo nyingi zinapitishia pesa kwao. Mimi nilikopa kwao kwa ajili ya gari la kubebea wagonjwa. Kabla ya pesa walinikalisha na mshauri wiki sita kuandika mahesabu. Nilikasirika, nikaona wananipotezea muda, ila nilikuta petroli nilikuwa nimeihesabu nusu.

Mchangiaji wa Kirumba mwaloni

Mwanzisha uzi, huyo binti wa dagaa anapatikanaje? Mimi nauzia Wakongo, wananilipa wakirudi safari ya pili. Kila mkopeshaji anataka wiki.

Mwanzisha uzi

Kaka njoo inbox, nitakuunganisha na dada wa Igombe. Lakini nenda na daftari linaloonyesha Wakongo wanarudi baada ya siku ngapi, safari tano sita zilizopita. Atakuuliza hilo kabla ya jina lako.

Naomba wengine waendelee kuchangia, nitasoma yote. Kwa sasa natoka, mwezi umepungua na mitumbwi imeingia ziwani tangu jana. Nina ndoo za kuanika kabla jua halijapanda.