Kidonda usoni hakiponi, niende hospitali?

Wakuu habari, nina kakidonda pembeni ya pua, kanakauka kanafanya kigaga, nikinawa uso kigaga kinabanduka damu inachuruzika kidogo alafu baada ya siku mbili kamerudi vilevile, sasa hivi wiki ya 5 na wala hakaumi. Nisubiri?

Jibu 1: Usisubiri ndugu yangu. Kidonda kikipita wiki 3 au 4 hakijapona kionwe na daktari, na kutouma hakumaanishi uko salama, saratani nyingi za ngozi zinaanza hivyohivyo kimyakimya. Ikiwahiwa inatibika vizuri.

Jibu 2: Acha kukabandua jamani, na usipake krimu za steroidi (zile za kutuliza muwasho na wekundu wa ngozi) kiholela, zinaficha tatizo.

Jibu 3: Pakianza kuvimba na uvimbe ukasogea jichoni, au ukipata homa, hiyo nenda siku hiyohiyo.

Muulizaji: Asanteni sana, kesho asubuhi naenda.