Neno "run" la Kiingereza: wewe lilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Jambiani: Assalaam alaykum jamani. Mie nipo mapokezi hoteli moja huku Paje, leo asubuhi simu imelia kutoka chumbani kwa bibi mmoja wa Kiingereza na mjukuu wake, maneno yote kwa pumzi moja: "the tap is running, the boy's nose is running and we have run out of tissue". Kijana mpya aliyepokea kanigeukia macho yamemtoka, ati kuna watu wanakimbizana chumbani. Kumbe bomba la bafuni halifungi, mtoto ana mafua yanamchuruzika, na tishu zimekwisha. Run tatu na hakuna hata mmoja aliyekimbia. Nimemhurumia sana, maana skuli kafaulu vizuri tu. Nani mwengine limemkuta?

Binti Makunduchi: Wallahi umesema kweli. Bosi wetu kila siku "running late", yaani kachelewa, na anayasema hayo kakaa kitako.

Nesi wa Pwani: Musilichukulie mzaha neno hili. Kuna mtalii kijana aliletwa dispensari moja (siitaji), kwenye fomu kaandika mwenyewe "I have had the runs since yesterday". Aliyempokea kaelewa huyu kakimbia sana ufukweni, kamwandikia dawa ya kuchua na apumzishe miguu. Mie naingia zamu ya mchana namkuta kajilaza kwenye benchi, midomo imekauka mpaka imepasuka, macho yameingia ndani, nikambana ngozi ya mkono ikabaki imesimama hairudi. "The runs" ni kuharisha!! Mtu katokwa na maji usiku kucha halafu anachuliwa magoti. Tukamtundikia dripu mbio mbio, jioni ndo akaanza kuongea vizuri. Mpaka leo nikimuona mgeni kashika tumbo namuuliza waziwazi, choo kikoje, singoji Kiingereza chake. Na nyinyi wa mahotelini, wekeni pakiti za ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) mapokezi, zikikosekana lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko 6 vidogo vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo hicho hicho, basi, musizidishe chumvi.

Mtoto wa Jambiani: Subhanallah. ORS nanunua leo leo.

Maalim Jang'ombe: Musimlaumu kijana wala nesi. Kamusi kubwa ya Oxford, chapa ya pili ya 1989, neno lililoongoza kwa maana lilikuwa "set", maana 430. Wahariri walipolipitia upya "run" likalipita, kitenzi peke yake maana 645. Sasa sisi darasani tunamwambia mtoto run ni kukimbia, tunafuta ubao, tunaendelea. Asili yake ni mwendo, maji yakenda ni run, mashine ikizunguka ni run, mtu akiendesha duka ni run, akigombea cheo pia run, ndo mana mgombea mwenza wanamwita "running mate".

Mpemba Halisi: Lugha gani hio neno moja kazi mia sita. Kiswahili kila kitu na neno lake.

Binti Makunduchi: Hebu acha yakhe. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga deki, piga mswaki, piga hodi, piga kura. Nani kapigwa hapo?

Mpemba Halisi: Piga mtoto anaijua kabla hajaota meno. Run tunalipia ada na bado hatupewi yote.

Maalim Jang'ombe: Hapo mwa mwisho una haki, Mpemba. Hapo mwa mwanzo huna.

Nahodha wa Wesha: Ngojeni niseme yangu, sijawahi kuyaandika. Ilikuwa msimu wa kusi, tumetoka Wesha na wapiga mbizi kwenda Misali, mie nahodha, mwalimu wao mzungu, na kijana wa kunisaidia. Upepo umeongezeka, mkondo unatusukuma kwenye mwamba, nikamwacha kijana kwenye mashine nikenda mbele kuvuta nanga. Wazamiaji washaanza kutoka, mama mmoja kashika ngazi ya nyuma, mtungi bado uko mgongoni. Mwalimu akapiga kelele "keep it running!" maana yake mashine isizimwe, ibaki sailensa gia ikiwa huru. Kijana kasikia run, na run aliyofundishwa ni kukimbia, kaona mwamba ule pale, katia gia na mafuta. Boti ikaruka. Nilisikia ule ukelele wa yule mama nikaacha nanga, sijui nilifikaje nyuma, nikachomoa kamba ya kuzimia mashine. Kimya. Yule mama kaachia ngazi kaangukia ubavuni, mguu mzima alhamdulillahi, lakini pezi la kuogelea la mguu wa kulia limekatwa nusu, mkato kama wa kisu, vidole vyake naviona pale pale penye mkato. Kipande kingine kinaelea. Boti ishasogea mwambani, tukaisukuma kwa makasia na miguu.

Binti Makunduchi: Ya Rabbi mwili umenisisimka.

Nesi wa Pwani: Vidole vingekwenda vyote. Yule kijana mulimfanya nini?

Nahodha wa Wesha: Sikumfukuza. Alitetemeka mpaka tunafika Wesha, na kosa si lake. Ninachokasirikia ni mtu kutoa amri ya mashine kwa neno la namna ile. Kwenye chombo changu sasa amri ni tatu na zote Kiswahili: SAILENSA, GIA, ZIMA. Mzungu anazisoma kwanza kabla sijang'oa nanga.

Mpemba Halisi: Hayo ndo maneno!! Mgeni ajifunze.

Papasi Mstaafu: Wa Forodhani hawajifunzi, wanataka bei tu. Ushauri wangu, sikiliza kineno kinachofuata: run out imekwisha, run over kagongwa na gari, run into umekutana naye, run aground chombo kimepanda mwamba.

Maalim Jang'ombe: Siafiki. "Run over" maji yakifurika pia ni hio hio. Sikiliza nani anasema na yuko wapi.

Papasi Mstaafu: Maalim unatuongezea mzigo.

Binti Makunduchi: Mie nasema muulize tu, "what do you mean", hapajafa mtu kwa kuuliza.

Nahodha wa Wesha: Dada, baharini huna nafasi ya kuuliza.

Kijana wa Chake: Samahanini wakubwa, mie nimeletewa barua ya kazi ya hoteli, inasema "we will run a background check". Niende au nisiende?

Maalim Jang'ombe: Wanachunguza rekodi zako, mwanangu. Nenda. Chukua vyeti asili na barua ya sheha.

Mtoto wa Jambiani: Na wakikuuliza "can you run the front desk", sema ndio, ndo kusimamia mapokezi.