Roma hadi Pompeii kwa siku moja: kwenda wenyewe au na kampuni ya utalii?

mzigo_mwepesi:
Wakuu, salaam. Mwezi wa saba tutakuwa Roma watu watatu, mmoja ni mama wa miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuna siku moja tu ya kwenda kuona magofu ya mji wa kale wa Pompeii na kurudi. Kampuni zinauza safari ya basi yenye kila kitu: usafiri, kiingilio, mwongozaji, na nyingine zinaongeza mlima wa volkeno wa Vesuvius. Wapo wanaosema treni inatosha. Tuchague ipi, na watu hukwama wapi?

njia_ya_reli:
Hapo mnauziwa vitu viwili kwa bei moja: usafiri na maelezo. Vitenganisheni. Usafiri mnaumudu wenyewe. Treni ya kasi kutoka Roma Termini hadi Napoli Centrale ni saa moja na dakika kumi hivi. Basi lina kilomita 240 hivi za barabara, karibu saa tatu kwenda na tatu kurudi, bado hujahesabu muda wa kuokota abiria. Ndiyo maana vikundi vingi vya basi hupata kama saa mbili tu ndani ya magofu.

Mkifika Napoli Centrale, teremkeni chini kwenye kituo cha Garibaldi mpande Circumvesuviana, treni ya kawaida ya eneo hilo, ya kuelekea Sorrento. Shukeni Pompei Scavi – Villa dei Misteri, dakika 35 hadi 40. Tiketi ya treni ya kasi haifanyi kazi huku, mnanunua nyingine. Wengi hupotea kwa kupanda treni ya Poggiomarino, ambayo nayo inapita Pompei lakini inashusha watu katika mji wa sasa, mbali na Porta Marina, lango la magofu lililo karibu na kituo cha Scavi. Someni jina la mwisho wa safari kabla ya kupanda. Behewa hujaa, mikoba ikae mbele kifuani. Kwa ajili ya mama, pandieni Porta Nolana, kituo kimoja kabla ya Garibaldi. Treni inaanzia pale, kwa hiyo viti vinapatikana.

Tatizo la kweli ni mgomo. Migomo ya reli Italia hutangazwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo angalieni wiki hiyo. Ukiangukia siku yenu, chukueni basi bila kujiuliza mara mbili.

mawe_ya_kale:
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila kwa mwenye magoti hiyo treni ya Poggiomarino huenda ndiyo inayowafaa. Porta Marina ina mwinuko mkali wa mawe pale mlangoni. Lango la Piazza Anfiteatro ni tambarare zaidi, na ndiko inakoanzia njia iliyosawazishwa kwa watu wenye shida ya kutembea, inayopita katikati ya magofu hadi Forum, uwanja mkuu wa mji wa kale. Kutoka kituo cha treni hiyo, Pompei Santuario, hadi lango hilo ni karibu kuliko kutoka Scavi. Treni za reli hiyo ni chache, kwa hiyo tazameni ratiba ya kurudi kabla hamjaingia.

Tiketi nunueni mapema. Tangu Novemba 2024 mwisho ni watu 20,000 kwa siku, na tiketi ina jina, hivyo njooni na pasipoti. Begi linalozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15 haliingii. Aprili hadi Oktoba wanafungua saa 3 asubuhi. Ingieni saa hiyohiyo, maana kivuli ni kidogo sana na Julai jua la mchana litamchosha mama kuliko mwendo wenyewe.

Sasa mwongozaji: huyo msimkose, ila mchukueni palepale, mwenye kibali rasmi, kwa saa mbili, kisha mbaki wenyewe. Eneo ni hekta 66 hivi, theluthi mbili zimefukuliwa, na bila maelezo kuta zote zitafanana. Mfano mdogo: kwenye vizingiti vya maduka kuna mfereji mwembamba uliochongwa kwenye jiwe. Mbao za kufungia duka ziliteleza humo, na pale mfereji unapoishia ndipo mlango ulipokuwa. Mtu asipokuonyesha, unaukanyaga na kupita.

mzigo_mwepesi:
Asanteni sana. Na Vesuvius je?

njia_ya_reli:
Kwa magoti hayo, iacheni. Gari linaishia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, halafu ni kupanda kwa miguu kwenye changarawe la volkeno linaloteleza, hadi ukingo wa kreta. Tiketi yake inakatwa mtandaoni kwa saa maalumu, na gari likichelewa nafasi inakwenda. Kwa mlima huo kampuni inastahili hela yake, kwa kuwa gari na saa ya kuingia vinapangwa na mtu mmoja. Lakini mkiunganisha na Pompeii kutoka Roma kwa siku moja, vyote viwili mtaviona nusunusu.

mawe_ya_kale:
Mama akiona Pompeii ni kubwa mno, kuna magofu mengine ya Ercolano kwenye reli hiyohiyo ya Sorrento, karibu zaidi na Napoli. Ni padogo, na hata boriti za mbao zilizoungua bado zipo mahali pake. Kutoka kituoni ni mteremko wa moja kwa moja hadi langoni, ila kurudi mnaupanda, kwa hiyo mtafutieni teksi.