Mjadala: Akili unde iandike maelezo ya picha bila mtu kuyapitia?

Hoja: Tuchukue duka la mtandaoni la kanga lenye picha 4,000 zisizo na maelezo ya maandishi. Mteja asiyeona hawezi kujua kinachouzwa. Je, akili unde ijaze yote na kuchapisha, au kila maelezo yapitiwe na mtu kwanza?

Mtengeneza tovuti: Ijaze, leo hii. Dakika mbili za kupitia kila picha ni zaidi ya saa 130 za mtu mmoja, na hakuna mwenye duka atakayezilipia. Picha za bidhaa ni viungo vya kubofya, kwa hiyo sasa hivi kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona ukurasa kwa sauti, kinatamka jina la faili, "IMG 0457". Facebook inajaza maelezo kwa mashine tangu 2016. Hata "kanga nyekundu yenye maua" ni afadhali.

Mtumiaji wa kisoma skrini: Afadhali kwa nani, mkuu? Nikisikia "IMG 0457" najua kwamba sijui. Maelezo ya uongo yananidanganya kwa sauti ileile ya maelezo ya kweli. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, yaani msemo ulioandikwa, na wengi wananunua jina. Mashine inaona maua. Jina inaliruka, au mkunjo ukificha herufi mbili inakamilisha kwa kubahatisha. WEMA HAUOZI inageuka WEMA HUOZA. Haya, kampelekee mama mkwe.

Mhariri wa maudhui: Kosa ni kuiuliza picha kitu ambacho duka tayari linakijua. Jina la kanga limo kwenye orodha ya bidhaa. Litolewe huko, mashine iachiwe rangi na nakshi tu. Kabla ya hapo, chuja. Maelezo hukaa kwenye alt, sehemu ya msimbo wa picha; picha za mapambo zipewe alt="" tupu. Tupu si sawa na kuifuta alt kabisa: ukiifuta, ndipo jina la faili linaposomwa. Kanga moja ikiwa na picha nne, ya kwanza ndiyo ipewe maelezo kamili, nyingine zitaje tofauti tu: "pindo kwa karibu". Msianze na "Picha ya", kisoma skrini kimeshasema ni picha.

Na lugha, jamani! Ukurasa ukiwa na alama ya lugha lang="en", yaani Kiingereza, Kiswahili chote kinatamkwa Kiingereza. Weka lang="sw". NVDA, mojawapo ya visoma skrini, inakuja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi yenye sauti ya Kiswahili.

Mtengeneza tovuti: Nakubali kuhusu jina. Lakini zile ambazo orodha yake ina namba tu? Nachapisha, mwanzoni naweka "Maelezo ya mashine:". Msomaji ameonywa.

Mtumiaji wa kisoma skrini: Onyo hilo mara 40 kwenye ukurasa mmoja ni adhabu. Liweke mara moja, juu kabisa. Na hizo za namba tu, mashine itaje rangi, kisha iseme wazi "jina halijathibitishwa", isijaribu kulisoma.

Mhariri wa maudhui: Hapo nipo nawe. Kigezo cha 1.1.1 cha WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, tena cha ngazi ya A, ya chini kabisa, kinataka maandishi yatimize kazi ileile ya picha. Kazi ya picha ya kanga dukani ni kuuza, na kanga isiyosomeka jina haijauzwa vizuri hata kwa anayeona. Pigeni picha upya, jina likiwa limenyooshwa.

Mtengeneza tovuti: Picha 4,000 upya? Basi tumerudi kwenye zile saa 130, na zaidi.